Kufuli ya simu na kufomati: kinachofutika na kinachobaki

Kufomati simu ni kuirudisha katika hali iliyokuwa nayo siku ilipotoka kiwandani. Kwenye simu zetu, ambazo nyingi zinazungumza Kifaransa, kazi hiyo imeandikwa «réinitialiser». Picha zinakwenda, majina ya watu yanakwenda, ujumbe wa WhatsApp unakwenda, nyimbo za kwaya zilizorekodiwa siku ya mazoezi zinakwenda. Kitu kimoja hakiendi: alama ya mwenye simu. Katika simu nyingi zilizotengenezwa tangu mwaka 2015, alama hiyo inakaa mahali ambapo kufomati hakufiki, na simu ikiwaka tena inauliza: wewe ni yule wa kwanza?

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu katika makanisa yetu ya mashariki limekuwa shida ya nyumba nyingi, tena kwa njia ambayo waliobuni kufuli hii hawakuifikiri sana. Anayefungiwa nje si mwizi kila mara. Mara nyingi ni mwenye mali.

Katika parokia moja tunayoijua vizuri, mama sekretari wa kikundi cha akiba, kile ambacho watu wote wanaita AVEC, alikuwa na desturi ya kupiga picha kila ukurasa wa daftari baada ya kikao. Aliwaza vema: daftari linaweza kulowa, au kubaki nyumbani siku ya kukimbia. Na kweli daftari lililowa. Picha tu zikabaki. Kisha mjukuu akaichezea simu, akabadilisha namba ya siri, akaisahau. Mama akaipeleka kwa fundi wa kando ya barabara. Fundi hakuuliza ndani mna nini. Akaifomati kwa kubonyeza vitufe, akapokea malipo yake. Simu ilipowaka ilikuwa tupu, na ikaomba anwani ya Google iliyotumiwa mwanzoni. Mama akasema ukweli: «Mimi sina anwani.» Anwani ilikuwa ya kijana wa butike, aliyefungua akaunti siku ya ununuzi kwa jina alilojitungia, ili aweze kuingiza WhatsApp. Kijana alikuwa amekwisha kuhama mji. Wamama wakatumia Jumapili tatu kukumbushana nani aliweka nini na nani alikopa nini, na wawili hawakukubaliana hadi leo.

Kufuli ilitoka wapi

Miaka kumi na zaidi iliyopita, wizi wa simu ulikuwa umeichosha miji mikubwa ya Marekani. Mwaka 2013 mwendesha mashtaka wa San Francisco, George Gascón, na mwenzake wa jimbo la New York, Eric Schneiderman, waliyabana makampuni wakitaka simu iliyoibwa isiwe na faida kwa mwizi. Wazo lao lilikuwa jepesi. Mwizi haibi simu ili apige. Anaiiba ili aiuze. Ikiwa atakayeinunua hawezi kuitumia, soko linakufa.

Septemba 2013 Apple ilileta kufuli ya namna hiyo kwenye iPhone, pamoja na toleo la iOS 7. Mwaka 2014 majimbo ya Minnesota na California yalitunga sheria za kulazimisha ulinzi wa namna hii katika simu mpya kuanzia Julai 2015. Google nayo iliweka kufuli yake katika Android 5.1, Machi 2015. Mwanzoni mwa mwaka huo wakuu wa miji walikuwa wamekwisha kutangaza matunda: katika miezi 12 baada ya kufuli ya Apple, wizi wa iPhone ulipungua kwa asilimia 40 San Francisco na asilimia 25 New York, na London wizi wa simu ulishuka karibu kwa nusu.

Basi kufuli hii ni kitu kizuri. Tunasema hivyo mapema, kwa sababu tumesikia wahubiri wakiiita mtego wa wazungu wa kutunyima simu zetu. Sivyo. Ila ilitengenezwa kwa watu ambao kila mmoja alifungua akaunti yake mwenyewe, kwa jina lake, na anaikumbuka. Kwetu mambo hayakwenda hivyo.

Ndani ya simu kunatokea nini

Tufikiri nyumba yenye vyumba vitatu. Cha kwanza ni cha mwenyeji: picha, ujumbe, programu alizoingiza, namba ya siri aliyoweka. Cha pili ni cha mfumo, yaani Android yenyewe. Cha tatu ni kichumba kidogo kama sanduku la ukutani, ambamo simu inaandika kwamba nyumba hii ni ya akaunti fulani. Kufomati ni kufagia chumba cha kwanza. Cha pili kinabaki jinsi kilivyo, na cha tatu hakifunguliwi ila na mwenye nyumba.

Kwa iPhone ni tofauti kidogo. Jina la mwenye simu halitegemei simu pekee. Limeandikwa katika mitambo ya Apple. Kila iPhone iliyofomatiwa inapowashwa inapitia intaneti kuuliza kama ina mwenyewe. Ndiyo maana hata fundi hodari akibadilisha kila kilichomo, jibu linarudi lile lile.

Wengi wanatuuliza kama kilichofutwa kinaweza kurudishwa. Kwa simu za zamani fundi mwenye bidii aliweza kuokota mabaki. Kwa simu za leo, hapana. Simu mpya za Android tangu toleo la 10, lililotoka 2019, zinalazimika kuandika kila kitu kwa mafumbo, na ufunguo wa kuyasoma unakaa ndani ya simu yenyewe. Kufomati kunautupa ufunguo huo. Hata kama maandishi yangekuwapo bado, hakuna wa kuyasoma. Anayeahidi kurudisha picha za simu ya namna hiyo baada ya kuifomati anauza maneno.

Kinachorudi ni kile kilichokuwa na nakala mahali pengine. Majina ya watu yaliyohifadhiwa kwenye akaunti ya Google yanarudi mwenye akaunti akiingia. Ujumbe wa WhatsApp unarudi ikiwa nakala ilikuwa ikipelekwa kwenye akaunti hiyo. Bila nakala, namba yako itarudi lakini mazungumzo hayatarudi. Kadi ya kumbukumbu inayochomekwa pembeni kwa kawaida haiguswi isipokuwa umechagua kuifuta nayo, lakini itoe kwanza. Kadi SIM haiguswi kabisa. Na pesa za M-Pesa, Airtel Money au Orange Money haziko ndani ya simu. Ziko kwa kampuni, zimefungwa kwa namba yako na kwa namba yako ya siri. Tumeona mzee akilia kwa sababu fundi alifomati simu yenye dola zake 60. Dola zilikuwapo zote.

Njia mbili za kufomati

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea, au wanapojifanya hawajui. Njia ya kwanza inapita ndani ya «Paramètres», na simu inakuomba namba yako ya siri kabla ya kuanza. Ukiitoa, simu inaelewa kwamba mwenyewe ndiye anayefuta, na katika simu nyingi za Android kufuli inaondoka pamoja na vingine. Njia ya pili ni ya vitufe: simu inazimwa, kisha kitufe cha sauti na cha kuwashia vinabonyezwa pamoja hadi orodha ndogo itokee. Haiombi namba ya siri. Kwa hiyo simu inamhesabu aliyefanya hivyo kuwa mgeni, na kufuli inabaki. Ikiwaka itadai intaneti, kisha moja ya akaunti zilizokuwa ndani yake, au namba ya siri ya zamani.

Aliye na akaunti yake na namba yake asichezee bahati. Aondoe kwanza akaunti ya Google katika «Paramètres», ndipo afomati. Kwenye iPhone atoke kwanza katika akaunti yake ya Apple, azime «Localiser», ndipo afute.

Aliyesahau neno la siri la Google naye aliweza kulibadilisha kwa simu nyingine, asiifomati simu yake siku ile ile. Google inashauri kungoja saa 24 baada ya mabadiliko, kwa maana neno la siri lililobadilishwa leo na simu iliyofomatiwa leo vinafanana mno na kazi ya mwizi.

Kuna jambo lingine ambalo watu wengi hawalijui. Kwenye Android, kufuli hii haifanyi kazi ikiwa simu haina namba ya siri, mchoro au alama ya kidole ya kufungulia kioo. Wapo wazee wetu wasiotaka namba ya siri kwa kuwa inawachelewesha. Simu zao, zikiibwa asubuhi, mchana zinauzwa kwa mtu mwingine bila shida yoyote.

Akaunti ya kijana wa butike

Turudi kwa mama sekretari, maana shida yake ndiyo shida ya wengi. Ukinunua simu sokoni, muuzaji anakuuliza kama akuingizie WhatsApp. Unakubali. Anafungua akaunti, au anatumia moja ile ile aliyokwisha kuweka katika simu za watu wengine ishirini. Wewe unaondoka umefurahi. Tangu saa hiyo, mbele ya Google, mwenye simu ni yeye. Anaweza kuona simu iko wapi. Anaweza kuifuta akiwa mbali. Labda hatafanya hivyo kamwe. Pengine hata hakumbuki. Lakini siku simu itakapouliza mwenyewe ni nani, haitataja jina lako.

Basi msomaji mwenye simu mkononi aingie sasa katika «Paramètres», atafute mahali penye neno «Comptes», aangalie anwani iliyoandikwa pale. Akiona anwani asiyoijua, aweke akaunti yake mwenyewe, ahakikishe majina na picha vimehamia huko, ndipo aondoe ile ya kigeni. Akiona anwani yake lakini hakumbuki neno la siri, alibadilishe leo, simu ingali wazi. Na aweke namba yake ya simu katika akaunti ili Google iweze kumtambua siku ya kusahau.

Kisha aandike vyote kwenye karatasi. Wataalamu wengi hukataza kuandika neno la siri kwenye karatasi, na mjini kwao wana haki. Sisi tunaona kwamba katika nyumba zetu hatari kubwa zaidi ni kusahau. Karatasi iliyofungwa katika bahasha, pamoja na kadi ya mpiga kura na karatasi za shamba, inalindwa kuliko tunavyofikiri. Isikae tu ndani ya kifuko cha simu. Tumeiona huko nako.

Simu ikiibwa

La kwanza si simu, ni namba. Mwizi mwenye akili anatoa kadi SIM, anaitia katika simu nyingine, na kuanzia hapo ujumbe wote wa uthibitisho unamfikia yeye. Nenda au piga kwa kampuni ya mtandao wako waifunge namba na akaunti ya pesa. Afadhali zaidi, weka mapema namba ya siri kwenye kadi SIM yenyewe. Kila simu inayo nafasi hiyo, na karibu hakuna anayeitumia.

La pili, kwa simu ya rafiki, ingia katika huduma ya Google ya kutafuta simu, au ile ya Apple, utie alama kwamba simu imepotea. Itajifunga itakapopata intaneti. Unaweza pia kuifuta ukiwa mbali, lakini kwa Android ujue kwamba baada ya kuifuta hutaiona tena kwenye ramani. Kwa iPhone tuna onyo moja: usiiondoe simu katika akaunti yako, hata kama umekata tamaa. Kuiondoa ni kumfungulia mwizi. Wezi wanajua hivyo, na wengine hutuma ujumbe wenye sura ya Apple wakisema simu imeonekana, uingize neno lako la siri. Usiingize.

Tangu 2024 Google imeongeza ulinzi mwingine kwa simu za Android 10 na kuendelea: simu inahisi imenyakuliwa mkononi na mtu anakimbia nayo kwa miguu au juu ya pikipiki, na inafunga kioo papo hapo. Wanaopigia simu kando ya barabara wataelewa kwa nini tunaisifu. Mara nyingi inabidi uiwashe mwenyewe, na si kila simu ndogo inayo.

Kila simu ina pia namba ya IMEI ya tarakimu 15. Yenye nafasi mbili za kadi ina mbili. Piga *#06# utaiona. Kufomati hakuibadilishi. Wacongomani wengi walilisikia neno hili mara ya kwanza mwaka 2020, lilipokuja lile deni la RAM lililokata uniti zetu kwa jina la kuandikisha simu, hadi lilipoondolewa mwaka 2022, na tangu hapo wengine hawataki hata kulisikia. Lakini bila IMEI huwezi kuwathibitishia polisi kwamba simu iliyokamatwa ni yako. Simu iliyozuiliwa kwa IMEI na mitandao ya nchi moja yaweza kuendelea kuita ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo tusiitegemee kuliko inavyoweza.

Kununua simu iliyotumika

Wengi wetu hatununui simu mpya, na hilo si aibu. Mwombe muuzaji aondoe akaunti yake na kufomati mbele ya macho yako, kisha washeni pamoja, na mega ziwepo, mpaka mfike kwenye kioo cha mwanzo. Ikidai akaunti ya zamani, msubiri aiingize. Akisema ameisahau lakini anamjua fundi atakayefungua, mrudishie simu yake.

Zipo pia simu za mkopo. Uganda na Kenya kuna makampuni yanayotoa simu kwa kulipa kidogo kidogo, na simu inajifunga malipo yakikatika. Ikivuka mpaka na kuuzwa Bunia au Butembo kabla deni halijaisha, itafanya kazi siku chache, kisha itajifunga. Kuifomati hakusaidii; kufuli inarudi mara inapopata intaneti.

Na huyo fundi anayefungua? Wapo wanaoweza kwa baadhi ya simu, kwa kupitia nyufa za programu. Google inaziba nyufa hizo mwaka hata mwaka, na toleo la 15 la mwaka 2024 limekaza zaidi. Lakini swali letu kwa mafundi, na wengi wao ni vijana wa kwaya zetu, si la ufundi. Anayemfungulia mama sekretari kwa huruma anamfungulia pia aliyenyakua simu jana jioni, kwa vitufe vile vile na kwa bei ile ile. Fundi hawezi kuwatofautisha kwa kuwatazama usoni. Anachoweza ni kudai fakture yenye namba ya IMEI, na kukataa kazi pasipo nayo. Apple yenyewe inafanya hivyo: inaweza kuiondoa kufuli kwa mtu anayeonyesha uthibitisho wa ununuzi. Sisi tunaonunua ndio tumezoea kuondoka bila karatasi, au na karatasi isiyo na lolote zaidi ya bei. Mwambie muuzaji aandike IMEI pale, kwa kalamu, atie sahihi.

Jambo la mwisho ni simu ya marehemu. Tumewaona jamaa wakiifomati wiki ile ile ya kilio ili kijana mmoja wa nyumbani aitumie. Halafu mjane anauliza sauti ya mume wake iko wapi, na deni alilowadai watu liliandikwa wapi. Iacheni ilivyo. Itafuteni kwanza bahasha.

Mama sekretari amepata simu nyingine. Akaunti aliifungua mwenyewe, akisaidiwa na binti yake, kwa jina lake lote. Anwani na neno la siri viko kwenye karatasi ndani ya sanduku la akiba, lile lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu. Simu ya zamani bado iko kwenye meza ya biro ya parokia; tunaitia umeme mara kwa mara, na kila mara inaomba anwani ile ile.